Rangi sita zatosha kuchora nyanda za Kajiado

ANAYEANZA kuchora picha kwa rangi za maji hushawishika kununua sanduku lililosheheni rangi za kila aina. Hata hivyo, sita zilizoteuliwa vyema, yaani manjano mbili, nyekundu mbili na bluu mbili, hutosheleza mandhari ya Kitengela na Kajiado.

Jambo la kwanza ni kusoma kibandiko cha tyubu. Majina ya rangi hupotosha, lakini nambari ya kiungo chake haibadiliki. Nyekundu ya PR83, kwa mfano, huchujuka ikipigwa na mwanga, na picha iliyotundikwa karibu na dirisha hufifia. PV19 ya waridi hudumu zaidi.

Nyekundu ya pili ni ya udongo, PR102. Wekundu wake hutokana na oksidi ya chuma, sawa na olkaria, udongo ambao Wamaasai huuchanganya na mafuta na kujipaka. Mwanga hauiharibu.

Manjano ya udongo, PY43, hufaa nyasi za kiangazi. Mvua za masika zinapochipuza majani mabichi, manjano ya ndimu, PY3, huchanganywa na bluu ya PB15. Bluu ya PB29 ikizimuliwa kwa maji mengi hutoa vilima vya Ngong vinavyoonekana kwa mbali. Ikichanganywa na nyekundu ya udongo, hutoa weusi wa udongo wa mfinyanzi wa Kitengela, bila haja ya kununua rangi nyeusi.

Mpangilio nao una maana. Manjano hutangulia kwenye kibao, zikifuatwa na nyekundu, kisha bluu, kwa kuwa tone moja la bluu huharibu manjano. Mpangilio huo usibadilishwe, ili mkono uizoee njia.

Rangi ikikauka kibaoni isitupwe. Aghalabu hushikanishwa kwa gundi ya mgunga, mti unaomea pia Samburu, Isiolo na Turkana, nayo huyeyuka tena kwa maji.

Kabla ya kuamini rangi yoyote, mchoraji apake mistari kwenye karatasi, aandike nambari zake, afunike nusu ya kila mstari kwa kadibodi nzito na kuiacha karatasi dirishani kwa miezi kadhaa. Akiifunua, tofauti baina ya nusu hizo mbili itamwonyesha rangi isiyostahili kununuliwa tena.