Hamburg, Mji wa Wasiopenda Kulipa

Kila mwezi wa Mei, watu wa Hamburg humiminika kwenye kingo za mto Elbe kusherehekea kuzaliwa kwa bandari yao. Husimuliwa kwamba tarehe 7 Mei 1189 Kaisari Friedrich Barbarossa aliwaruhusu kupitisha bidhaa zao hadi baharini bila ushuru. Hati yenyewe ipo. Ila ni ya kughushi: iliandikwa katika karne ya 13, Barbarossa akiwa kaburini miaka mingi.

Sijui karatasi inayoueleza mji huu vizuri kuliko hiyo. Hamburg haikuwa na mfalme wa kuujenga. Waliouendesha ni wafanyabiashara, wauza bia na nafaka wa Hansa, muungano wa miji ya biashara, na mkono wao ulikuwa mzito kila ulipotakiwa kutoa.

Ndio hao waliofika hadi Unguja. Mwaka 1859 miji ya Hansa ilifunga mkataba na Sultani. Meli zao zilibeba kauri za pwani yetu hadi Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Mmoja wao, Heinrich Ruete, alimwoa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1867. Miaka mitatu baadaye alifariki katika ajali ya tramu, akamwacha mjane huyo ugenini na watoto watatu. Kaburi la Salme liko Ohlsdorf, Hamburg.

Kansela Bismarck alipoulazimisha mji uingie katika umoja wa forodha wa Ujerumani, mwaka 1888, matajiri walikubali kwa sharti la kubakiziwa bandari huru. Ili kupata nafasi ya maghala, watu wapatao 20,000 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Leo watalii hupiga picha maghala hayo ya matofali mekundu, Speicherstadt, yaliyoingizwa mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa dunia.

Ubahili ulilipiwa mwaka 1892. Altona, mji jirani, ulikuwa ukichuja maji yake kwa mchanga. Hamburg, kwa kuhofia gharama, ilikuwa bado ikiwanywesha watu maji ya Elbe vilevile yalivyo. Kipindupindu kilipoingia Agosti, wakuu walichelewa kutangaza, maana tangazo lingezuia meli. Watu zaidi ya 8,000 walikufa, wengi wao maskini. Mpakani, upande wa mtaa uliopata maji ya Altona ulisalimika huku wa pili ukizika. Mtambo wa kuchuja maji ulikamilika mwaka uliofuata!

Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, Julai 1943, yaliua zaidi ya watu 30,000 na kuteketeza mitaa mizima, lakini bandari ilifufuka. Hadi leo ndiyo kubwa kuliko zote Ujerumani. Bandari huru ilifutwa tarehe 1 Januari 2013, na sasa mizigo ya Hamburg hutozwa ushuru kama ya bandari nyingine za Umoja wa Ulaya.