Ua la Baroni, Mwamba wa Hawe

Nilinunua ua langu la kwanza kando ya Ngong Road kwa shilingi 350, siku niliyolipwa pesa ya makala iliyokuwa imechelewa miezi miwili. Majani yake yalikuwa ya mviringo, yana manyoya laini kama sikio la paka, na katikati maua madogo ya zambarau yenye kitovu cha njano. Nikauliza bei, nikashtuka.

"Hii ni ya majuu, dadangu," muuzaji akaniambia. "Si ya huku. Ndiyo maana."

Nikalipa. Bustani yangu ni dirisha moja la bedsita linalotazama mashariki, na nilitaka kitu kinachobaki kijani mwaka mzima bila kudai shamba. Usiku nikampigia picha binamu yangu aliye Kaloleni, naye akamwonyesha hawe. Ndivyo Wagiriama tunavyomwita nyanya. Jibu lilirudi kwa sauti yake mwenyewe, akicheka: "Umenunua ua la mwambani? Kwa pesa?"

Sikulala. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na tangu hapo masomo yangu huyafanya kwenye simu, usiku, bando likiruhusu. Usiku huo nikasoma historia ya ua.

Waingereza huliita vayoleti ya Afrika, ingawa halina undugu wowote na vayoleti. Jina la kisayansi lililolipa umaarufu ni Saintpaulia, nalo limetoka kwa Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani mjini Tanga. Mwaka 1892 alilikuta ua hili karibu na Tanga na kwenye misitu ya Usambara, akalituma kwa babake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliita Saintpaulia ionantha, yaani ua la Saint Paul linalofanana na vayoleti. Jina zima, mbele na nyuma, ni Ulaya tupu. Tanga haimo. Usambara haimo.

Kumbuka miaka yenyewe. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, baada ya vita vya kuwapinga Wajerumani pwani. Miaka mitatu tu baadaye, afisa wa serikali hiyo hiyo anainama msituni kutazama ua. Mimi simwoni kama shetani. Alikuwa ameandika hata kitabu cha kufundisha Kiswahili mwaka 1890, kwa hiyo alijua kuuliza kitu kinaitwaje. Lakini kujua kuuliza ni jambo moja, na kuandika jibu kwenye kibandiko ni jingine.

Tena hakuwa wa kwanza. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Unguja, alishapeleka sampuli Kew mwaka 1884. Mwaka 1887 akafuata Mchungaji W. E. Taylor, na hapa ndipo nilipoketi wima kitandani. Taylor ni yule yule aliyekusanya methali za Waswahili, na ambaye kwa msaada wa Mwalimu Sikujua alitunza mashairi ya Muyaka yasipotee. Sampuli zao hazikutosha kuupa mmea jina, zikakaa kabatini. Kumbe mtu mmoja alitia mfukoni methali zetu na majani yetu pia. Methali tunazo bado kwa sababu watu hawakuacha kuzisema. Ua tuliacha kulisema, likarudi likiwa geni.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Katika miaka ya 1920, wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost na Royston, waliotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina kumi bora. Kutoka hapo likaingia madirishani mwa Marekani, likawa ua la nyumba duniani kote.

Na Kilifi? Mpaka wa mwaka 1886 ulitenganisha eneo la Wajerumani na la Waingereza, lakini ua halikusoma mkataba. Ndugu yake wa Kenya, rupicola, huota kwenye miamba ya chokaa, sehemu kama Cha Simba, karibu na Kaloleni. Krismasi iliyopita binamu yangu alinipeleka kwenye miamba ya huko. Tulitambaa hadi kwenye ufa wenye kivuli, na pale palikuwa na majani yale yale yenye manyoya, yamebana mwambani bila udongo wa kujaza hata kiganja. Maua yalikuwa mawili tu. Juu yetu miti ilikuwa michache. Ukikata miti, jua linafika ufani, na mmea huu haulihimili jua kali. Kwa sababu hiyo, huko nyikani uko hatarini kutoweka, wakati dirishani mwa watu umejaa.

Sikung'oa kitu. Nawe using'oe. Nunua ulioteshwa, kisha uzidishe mwenyewe. Kata jani zima na kikonyo chake, lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa, ungoje wiki kadhaa. Mpe mwanga wa asubuhi, si jua la saa saba. Maji weka kwenye kisahani, mmea unywe kutoka chini. Wangu wa kwanza niliumwagilia juu ya majani kila siku kama sukuma wiki, ukaoza moyo ndani ya mwezi. Ukielewa kwamba nyumbani kwake ni ufa wa mwamba, hutaukosea: kivuli, unyevu kidogo, mizizi isilale majini.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule muuzaji na mche niliouzalisha kwa jani. Nikamwambia asili yake ni Tanga, na ndugu zake wako Kilifi, karibu na kwa hawe.

Akaugeuza mkononi, akautazama vizuri. "Kwa hivyo ni wa hapa?"

"Wa hapa."

"Sawa," akasema, akiupanga mbele kabisa. "Lakini bei itabaki ile ile."

Nikamwambia hiyo haina shida.