Moto wa Ubavuni: Habari ya Tanuri la Moshi la Texas

Watu wengi hudhani kuwa kupika nyama kwa moshi ni kazi ya moto, na kwamba moto ukiwa mkubwa nusu ya kazi imekwisha. Habari za tanuri la moshi la kusini mwa Marekani zaonyesha kinyume cha dhana hiyo. Huko mpishi bora hakuwa yule aliyejua kuwasha moto, bali yule aliyejua kuutenga na nyama na kuupa hewa kwa kadiri. Tanuri linalohusika hapa ni lile ambalo kikasha chake cha moto kimewekwa ubavuni, si chini ya nyama. Kuni huwaka upande mmoja. Joto na moshi huingia katika chumba cha pili, ambamo nyama imelazwa juu ya wavu wa chuma. Kisha hutoka kwa dohani iliyo mwisho wa chumba hicho. Kwa kukitazama ni chombo sahili, lakini wenye kukitumia hawachoki kukirekebisha. Huongeza bamba hapa, huziba ufa pale, huirefusha dohani au huishusha. Sababu ya shughuli hiyo haifahamiki vema mpaka ijulikane chombo hiki kilichukua mahali pa nani.

Neno barbecue lilitoka katika visiwa vya Karibi. Wahispania walilipata kwa Wataino, ambao kwao barbacoa ilikuwa uchaga wa miti uliosimamishwa juu ya moto. Katika makoloni ya Waingereza ya Amerika ya Kaskazini likawa jina la karamu. George Washington aliandika katika daftari lake la kila siku, mwezi wa Mei 1769, kwamba alikwenda Alexandria, Virginia, kwenye karamu ya namna hiyo, akakaa usiku kucha. Hakuandika ni nani aliyepika.

Katika nchi za kusini kazi hiyo aghalabu ilikuwa ya watu weusi waliofanywa watumwa. Walichimba handaki, wakapanga miti mibichi juu yake, wakalaza wanyama wazima waliochinjwa. Moto wenyewe haukuwashwa handakini. Uliwashwa kando, kuni zikaungua hata zikawa makaa, ndipo makaa yakachotwa kwa beleshi na kutandazwa chini ya nyama, kidogo kidogo, mpaka alfajiri. Mwaka wa 1937 mzee Wesley Jones wa South Carolina, aliyezaliwa utumwani, alihojiwa katika mradi wa serikali wa kukusanya kumbukumbu za waliokuwa watumwa. Alieleza jinsi alivyokuwa akikesha kabla ya siku ya karamu, akipika nyama na kuipaka mchuzi wa siki na pilipili. Kutenga moto na nyama, basi, ni jambo la zamani kuliko tanuri la chuma. Kilichoviunganisha viwili hivyo kilikuwa beleshi, na mkono ulioshika beleshi.

Habari ya uhuru ilipotangazwa Galveston, Texas, tarehe 19 Juni 1865, ujuzi huo ulitoka mashambani pamoja na wenye nao. Katika Texas ya kati ulikutana na desturi nyingine, ya wachinjaji wa Kijerumani na Kicheki waliofungua mabucha na kukausha nyama kwa moshi. Katika mji wa Lockhart bucha la Kreuz lilianzishwa mwaka wa 1900, na jengo lake la matofali lilijengwa mwaka wa 1924. Tangu 1999 jengo hilo limekuwa la Smitty's Market. Ndani yake kuna matanuri marefu ya matofali. Moto huwaka sakafuni kwenye mwisho mmoja, peupe, nayo dohani imesimama kwenye mwisho wa pili. Hapo beleshi limewekwa chini, na hewa imeajiriwa badala yake.

Hewa hiyo hufanya kazi kwa kanuni isiyobadilika. Ikipata joto hutanuka ikawa nyepesi, nayo hupanda katika dohani. Ikipanda huvuta hewa nyingine kutoka nje, ambayo haina budi kupita motoni. Kadiri dohani inavyokuwa ndefu na yenye joto ndivyo mvuto unavyozidi. Matofali mazito nayo hutunza joto kama ghala litunzavyo nafaka: mpishi akifunua mfuniko joto halitoweki, na kuni zikipungua kwa muda nyama haipati habari.

Kutoka matofali hadi chuma kulipitia katika mafuta. Tarehe 10 Januari 1901 kisima cha Spindletop, karibu na Beaumont, kilifumka, na Texas ikawa nchi ya mabomba, matangi na mafundi wa kuchomelea vyuma. Katika nusu ya pili ya karne hiyo mafundi wa Texas na Oklahoma walichukua mabaki ya mabomba mapana na matangi ya gesi yaliyochakaa, wakayakata na kuyageuza matanuri yanayoweza kukokotwa na gari. Chuma chenye unene wa milimita 6 kilikuwa kizito, na uzito huo ulishika nafasi ya matofali. Lakini viwanda vilipoanza kutengeneza matanuri madogo kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida, vilitafuta wepesi na bei nafuu, na chuma kikawa chembamba. Umbo la tanuri likabaki, nguvu zake zikapungua.

Chuma chembamba hupokea joto upesi na kulipoteza upesi. Mfuniko usioketi vizuri huacha nyufa. Joto kali hutoka katika tundu la kikasha na kuunguza nyama iliyo karibu, na nyama ya mwisho wa pili ikabaki nusu mbichi. Dohani ikifungwa juu kabisa ya chumba, joto huambaa chini ya mfuniko na kwenda zake pasipo kuigusa nyama ipasavyo.

Hapo ndipo marekebisho yalipozaliwa, na kila moja lina maana yake. La kwanza ni kuziba nyufa kwa utepe wa nyuzi zisizoungua, kwa maana hewa iingiayo kwa ufa haikupita motoni. Hupoza chumba na kudhoofisha mvuto. La pili ni kuinua wavu wa kuni, ili hewa ipite chini yake na majivu yasiuzime moto. La tatu ni kuongeza bomba ndani ya chumba ili mdomo wa dohani ushuke mpaka usawa wa nyama. Joto likataka kutoka, sharti lipite nyamani kwanza. La nne ni bamba la kuukinga mdomo wa kikasha, au mfululizo wa mabamba yenye matundu, madogo karibu na moto na makubwa mbali nao. Wengine hulaza bamba moja zima: moshi hupita chini yake hadi mwisho wa chumba, ukageuka na kurudi juu ya nyama, na dohani ikahamishiwa upande wa moto. Njia hii husawazisha joto, lakini hurefusha safari ya hewa, na dohani ikiwa nyembamba moto hukabwa. Wapo pia wanaopanga matofali ndani ya tanuri la chuma, na kwa kufanya hivyo humrudisha mzee katika nyumba ya mjukuu. Jambo moja ni la hatari: bati lililopakwa zinki halifai kwa kazi hizi, kwa kuwa likishika moto mkali hutoa mvuke wenye sumu.

Fikira iliyo ndani ya mabamba hayo ina umri mkubwa. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts ajulikanaye kwa cheo chake cha Count Rumford, alichapisha mwaka wa 1796 insha juu ya meko yenye dohani. Alionyesha kuwa koo la dohani likiwa pana mno joto hutoroka na moshi hurudi chumbani; akalibana koo hilo. Alibuni pia tanuri la chuma la kuokea nyama, lenye mabomba ya hewa chini yake yaliyoweza kufunguliwa na kuzibwa. Kwa Rumford, kama kwa wapishi wa handaki, swali halikuwa ukubwa wa moto bali njia ya hewa.

Swali hilo huamua hata ladha. Mtu asiyejua, akiona joto limezidi, hufunga mlango wa hewa. Moto hunyimwa pumzi, ukatoa moshi mzito mweupe uliojaa lami, na nyama ikawa chungu. Ajuaye huwasha moto mdogo uwakao vema, akaiacha dohani wazi, na moshi ukatoka mwembamba wenye rangi ya samawati. Kidari cha ng'ombe, ambacho ni nyama ngumu, hupikwa hivyo kwa saa nyingi katika joto la digrii 107 hadi 135 za sentigredi, mpaka kolajeni yake iyeyuke ikawa jelatini. Ndani ya nyama joto likikaribia digrii 70 huweza kusimama kwa saa kadhaa, kwani maji yanayogeuka mvuke huipoza kama jasho lipozavyo mwili. Hakuna bamba linaloondoa haja ya kungoja.

Hata hivyo, kadiri chuma na hewa vinavyofanya kazi ya mkono, ndivyo ilivyo rahisi kuusahau mkono. Aaron Franklin, aliyeanza kuuza nyama katika gari la kukokotwa mjini Austin mwaka wa 2009, alitoa kitabu mwaka wa 2015 ambamo ujenzi wa tanuri umeelezwa kwa makini, na sifa aliyoipata aliistahili. Lakini Adrian Miller, katika kitabu chake Black Smoke cha 2021, ameonyesha jinsi Wamarekani weusi walivyopunguzwa katika hadithi ya sanaa waliyoibeba kwa vizazi. Anayejifunza kuliboresha tanuri hujifunza vipimo vya chuma. Mara chache huambiwa kuwa vipimo hivyo vyajaribu kulingana na busara ya mtu aliyekesha.

Washington aliikumbuka karamu. Waliochota makaa usiku ule hawakuandikwa majina, na majina yao hayatapatikana tena katika daftari lile. Kazi yao, lakini, imehifadhiwa mahali pengine: katika umbali ulioachwa kati ya moto na nyama, ambao kila fundi wa leo, akipima na kukata bamba lake, huulinda.