Kibaki na hesabu za Serikali: Rais hupimwa kwa kipimo gani?

KILA bajeti inaposomwa jijini Nairobi na wananchi kuanza kulalamikia ushuru, jina la Mwai Kibaki halikosi kutajwa. Wapo wanaoapa kwamba enzi yake ndiyo pekee ambapo mlipa ushuru aliyaona matunda ya jasho lake. Wapo pia wanaoikumbuka kashfa ya Anglo Leasing na kustaajabia wepesi wa Wakenya wa kusahau.

Pande zote mbili zina ushahidi, na ndiyo maana ubishi huu haujaisha tangu kiongozi huyo alipong'atuka mwaka wa 2013, wala haukuzikwa pamoja naye alipofariki Aprili 21, 2022.

Bw Kibaki hakuingia Ikulu akiwa mgeni wa mambo ya fedha. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Makerere na baadaye London School of Economics, kisha akawa Waziri wa Fedha kati ya 1969 na 1982 chini ya marais wawili. Alipoapishwa katika bustani ya Uhuru Park mnamo Desemba 30, 2002, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kutokana na ajali ya barabarani, alirithi uchumi uliokuwa ukikua kwa chini ya asilimia moja kwa mwaka.

Kufikia mwaka wa 2007, ukuaji huo ulikuwa umekaribia asilimia saba. Mapato yaliyokusanywa na Mamlaka ya Ushuru (KRA) yalipanda kutoka takriban Sh200 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2002/2003 hadi karibu Sh800 bilioni mwaka wa 2012/2013. Ni kweli kwamba mfumko wa bei ulichangia sehemu ya ongezeko hilo. Hata hivyo, hakuna mfumko unaoweza kueleza lote.

Matumizi ambayo raia wa kawaida huyakumbuka zaidi ni ya elimu. Januari 2003 serikali ya Narc ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 mwaka huo huo. Walimu hawakuongezwa kwa kasi hiyo. Madarasa yalifurika, na baadhi ya watoto wakasomea chini ya miti. Mzazi aliyekuwa hana uwezo wa kulipa karo, hata hivyo, hakuhitaji mchumi wa kumfafanulia maana ya bajeti.

Lakini fedha hizo hizo za elimu ziliingiwa na mchwa. Mwaka wa 2009 wakaguzi waligundua wizi katika Wizara ya Elimu, na mwezi Desemba Uingereza ikasimamisha msaada wake kwa mpango huo. Marekani ilifuata mapema mwaka wa 2010.

Mwaka wa 2003 pia ndio ulioleta Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge (CDF), iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Katika mwaka wa kwanza kila eneobunge, kati ya 210 yaliyokuwepo, lilipata Sh6 milioni. Kwa mara ya kwanza mwanakijiji angeweza kuelekeza kidole kwenye zahanati au daraja na kusema ni fedha zipi zilizolijenga, na ni mbunge yupi wa kulaumiwa iwapo ukuta umeanguka. Kasoro ilikuwa kwamba mbunge aliyepaswa kuichunguza serikali alikuwa sasa na fungu lake la kutumia. Suala hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo Agosti 2022 iliamua kwamba sheria ya CDF ya mwaka wa 2013 ilikiuka Katiba.

Doa kubwa zaidi katika hesabu za Bw Kibaki ni Anglo Leasing. Kashfa hiyo ilifichuka mwaka wa 2004 kupitia zabuni ya mitambo ya kutengenezea pasipoti. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya takriban euro milioni sita; kandarasi ikapewa Anglo Leasing kwa takriban euro milioni 30. Ukaguzi maalumu wa mwaka wa 2006 uliorodhesha kandarasi 18 za aina hiyo, nyingi zikihusu vifaa vya usalama, zenye thamani ya zaidi ya Sh56 bilioni. Baadhi zilitiwa saini wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, nyingine chini ya serikali iliyochaguliwa kwa ahadi ya kung'oa ufisadi.

Bw John Githongo, aliyeteuliwa mwaka wa 2003 kuwa Katibu wa Wizara anayesimamia maadili na utawala bora, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London. Mwaka mmoja baadaye, Waziri wa Fedha David Mwiraria aliachia ngazi huku akikanusha kuhusika.

Mbona mambo hayo yaliwezekana? Jibu moja limo katika sheria za wakati huo. Chini ya Katiba ya zamani, afisi moja ndiyo iliyoidhinisha fedha kutolewa katika Hazina Kuu na ndiyo iliyokagua jinsi zilivyotumika. Aidha, ripoti za ukaguzi zilifika Bungeni zikiwa zimechelewa, wakati mwingine baada ya wahusika kuhamishwa au kustaafu. Kandarasi zilizopewa jina la usalama wa taifa hazikuulizwa hata kidogo.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilizitenganisha kazi hizo mbili. Msimamizi wa Bajeti huidhinisha utoaji wa fedha, naye Mkaguzi Mkuu huchunguza baadaye. Makadirio ya bajeti ni lazima yafikishwe Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika, na wananchi washirikishwe. Ni haki kumtaja Bw Kibaki hapa: ndiye aliyeitia saini Katiba iliyowapunguzia mamlaka marais waliomfuata.

Kuhusu anasa, rekodi yake ni ya kupanda na kushuka. Ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) na shirika la Transparency International tawi la Kenya, iliyotolewa mwaka wa 2006, ilionyesha kwamba kati ya Januari 2003 na Septemba 2004 serikali ilitumia angalau Sh878 milioni kununua magari ya kifahari ya wakubwa. Waandishi wake walikadiria kuwa fedha hizo zingewasomesha watoto 25,000 kwa miaka minane. Mwaka wa 2009 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, aliagiza mawaziri watumie Volkswagen Passat badala ya magari yenye injini kubwa. Wapo walionuna.

Wakati huo baraza lenyewe lilikuwa limevimba. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kushusha ukuaji wa uchumi chini ya asilimia mbili mwaka wa 2008, serikali ya muungano iliundwa ikiwa na mawaziri 40 na mawaziri wasaidizi zaidi ya 50. Wengi walikubali gharama hiyo kama bei ya amani. Katiba mpya iliweka kikomo cha mawaziri 22.

Barabara ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50 na iliyogharimu zaidi ya Sh30 bilioni, ilifunguliwa Novemba 2012 na imebaki kuwa hoja ya kwanza ya wanaomsifu. Mwezi uliotangulia Bw Kibaki alikuwa amekataa kutia saini mswada uliowapa wabunge bakshishi ya Sh9.3 milioni kila mmoja ya kuwaagia Bunge.

Deni la taifa lilikuwa karibu Sh1.9 trilioni kufikia Juni 2013, miezi miwili baada yake kuondoka. Kufikia Juni 2024, mwezi ambao vijana waliandamana na kulazimisha Mswada wa Fedha kuondolewa, lilikuwa limepita Sh10 trilioni. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya Bw Kibaki akumbukwe kwa huruma kuliko alivyotazamwa akiwa Ikulu.

Lakini baadhi ya bili zake zililipwa na wengine. Mwaka wa 2014 serikali iliyomrithi ilitoa takriban Sh1.4 bilioni kuyalipa makampuni yaliyohusishwa na Anglo Leasing ambayo yalikuwa yameishtaki Kenya ng'ambo na kushinda. Hazina ilisema kesi hizo zilikuwa zikitishia mpango wa kuuza hatibondi ya kwanza ya Kenya katika masoko ya kimataifa. Hatibondi hiyo iliuzwa mwezi Juni mwaka huo, na kuiongezea nchi deni la dola bilioni mbili.