Mbwa na Mwalimu Wake katika Njia ya Tabora

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za mbwa, na huenda baadhi yenu mkastaajabu, kwa kuwa watu wengi katika nchi zetu humjua mbwa kama mlinzi wa boma au msaidizi wa msasi, wala hawamdhanii kuwa aweza kumpatia mtu kazi ya heshima na mshahara. Lakini wako vijana wampendao mbwa tangu utoto wao, nao huuliza: Je, mapenzi haya yaweza kuwa kazi? Tukiitazama vema historia ya njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hata Ujiji, tutalipata jibu.

Kwanza tuangalie jinsi kazi inavyozaliwa. Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wageni wa kwanza waliijua kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya biashara: njia moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilikwenda kaskazini hata Karagwe na Buganda. Bidhaa kuu iliyotafutwa ilikuwa pembe za ndovu. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi njiani, basi mizigo mingi ilichukuliwa na watu. Bwana Burton alipofika Kazeh mwaka 1857, alikuwa amekaa safarini siku 134 tangu alipoondoka pwani. Pagazi alichukua mzigo wa yapata frasila mbili, yaani kilo 32, akaenda nao siku baada ya siku. Wanyamwezi walisifiwa kuliko wote kwa kazi hiyo, na Burton aliandika kwamba watoto wao walizoezwa kubeba vipembe vidogo tangu wangali wadogo. Kwa hiyo kupenda safari kulikuwa mwanzo tu. Yaliyoifanya safari kuwa kazi ni mazoezi ya tangu utoto, kipimo cha mzigo kilichojulikana, ujira uliopatanwa, na jina jema la mtu asiyetupa mzigo wake porini.

Sasa tuwatazame mbwa waliopita katika njia hiyo hiyo. Mwaka 1871 Bwana Stanley alipokwenda kumtafuta Daktari Livingstone, alikuwa na mbwa mlinzi, jina lake Omar. Alitumaini kwamba mbwa huyo angeilinda hema yake Ugogoni, ambako aliogopa wezi. Lakini kinamasi cha Makata kilimtia Omar ugonjwa wa matumbo, naye akafa kabla ya kufika huko. Mwaka 1874 Stanley alirudi na mbwa watano kutoka Uingereza: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Watatu kati yao aliwanunua katika nyumba ya mbwa wasio na wenyewe huko London. Wote walikufa safarini. Wa mwisho alikuwa Bull, aliyeanguka karibu na Ubagwe katika Unyamwezi mwaka 1876, baada ya kutembea yapata maili 1,500.

Hapana shaka kwamba Stanley aliwapenda mbwa wake, maana aliwaandika majina yao katika vitabu vyake na kusikitikia vifo vyao. Lakini mapenzi hayo hayakuwazuilia jua wala maji machafu, wala katika msafara ule hatusikii habari za mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo tu, kuwafundisha na kuwatunza kwa maarifa. Mbwa walifuata msafara kama wafuatavyo watoto, na njia ikawamaliza mmoja mmoja.

Huenda mtu akasema: Sisi Waislamu wa Tabora na wa pwani tuna mithali isemayo kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini, tutafanyaje kazi na mnyama ambaye mate yake ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi? Swali hili ni la haki. Lakini na tukumbuke kwamba aya ya nne ya Sura Al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama wa kusaka aliyefundishwa, maadamu jina la Mwenyezi Mungu limetajwa. Basi tangu zamani sana sheria yenyewe imepambanua kati ya mnyama aliyefundishwa na yule asiyefundishwa. Mafunzo ndiyo yaliyompa daraja yake, na pasipo mwalimu hapana mafunzo.

Huko Ulaya nako kazi hii ilipata sura yake polepole. Mwaka 1899 polisi wa mji wa Ghent, katika Ubelgiji, walianza kutumia mbwa katika zamu zao za usiku. Mwaka 1916, ule ule ambao majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, chuo cha kwanza cha kufundisha mbwa wa kuwaongoza vipofu kilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Tangu hapo mwalimu wa mbwa akawa fundi kama fundi mwingine.

Kwetu kazi hii imekuja kwa sababu ya bidhaa ile ile iliyoijenga Tabora. Mwaka 2009 ndovu wa Tanzania walihesabiwa kuwa yapata 109,000. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki yapata 43,000. Majangili walikuwa wamewaua kwa maelfu, na pembe zao zilifichwa ndani ya makontena pamoja na bidhaa nyingine. Jicho la mwanadamu haliwezi kuona ndani ya chuma, lakini pua ya mbwa yanusa palipo na mwanya. Ndipo mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilipoanza kufundisha mbwa na askari wao huko Usa River, karibu na Arusha, na wengine wakapelekwa kazini Dar es Salaam na Mombasa.

Mafunzo yenyewe ni hivi. Mbwa hupewa harufu ya pembe, na kila aitambuapo hupewa mpira wake acheze. Hatimaye hujua kwamba harufu ile ndiyo mlango wa furaha yake; akiiona, huketi kimya bila kukwaruza mzigo. Mwenye kumwongoza naye hujifunza kusoma mkia, masikio na pumzi za mbwa wake, kumtazama kama ana homa au kupe, na kutokumdanganya hata mara moja. Mbwa akidanganywa huacha kusema kweli.

Basi, kijana umpendaye mbwa, anza na ulicho nacho. Mfundishe mbwa wako wa nyumbani kuja aitwapo na kuketi aambiwapo, bila fimbo. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Jifunze kusoma na kuandika vema, maana kazi hii ina taarifa za kila siku, na nyingine husomwa mbele ya hakimu. Kisha utazame milango iliyopo: Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, na wahifadhi wa wanyama nao wanahitaji watu wenye subira.

Wazee wa Unyamwezi walijipatia sifa kwa kuchukua pembe kutoka Tabora hata pwani. Leo mjukuu wao aweza kupata sifa kama hiyo akisimama bandarini na mbwa wake, ili pembe isivuke bahari na ndovu abaki hai katika misitu ya Ugalla.