Nyumba Iliyobomolewa Mara Nne: Habari za Abasia ya Monte Cassino

Kusini ya Italia, kwenye njia itokayo Roma kwenda Napoli, pana mlima usimamao juu ya mji wa Cassino, wenye kimo kipatacho mita 520. Juu ya kilele chake imejengwa abasia ya Monte Cassino, ambayo abasia nyingi za Ulaya huihesabu kuwa mama yao. Wengi wamekwisha kuyasifu majengo yake. Sisi nia yetu si kuhesabu nguzo wala kupima madirisha. Nyumba hii imebomolewa mara nne, na kila mara imejengwa tena. Basi twataka kuuliza, ni kitu gani kilichodumu hata ikawa ingali nyumba ile ile?

Mtakatifu Benedikto alipanda mlima huo yapata mwaka 529. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika habari zake mwishoni mwa karne hiyo, asimulia ya kuwa kileleni palikuwa na hekalu la kale la Apollo, na watu wa mashambani walikuwa wangali wakitambika humo na katika vichaka vilivyolizunguka. Benedikto akaivunja sanamu, akavichoma vichaka, akajenga hapo mahali pa sala. Huko ndiko alikoitimiliza Kanuni yake, yenye sura 73. Si kitabu kikubwa. Chaagiza saa za sala, saa za kazi ya mikono na saa za kusoma. Chaagiza hata kipimo cha chakula na namna ya kumpokea mgeni. Twawaomba wasomaji walishike neno hilo la kusoma, kwa kuwa ndilo lililozaa mengine mengi. Mmonaki apaswaye kusoma kila siku hana budi kuwa na kitabu. Na zamani zile hapakuwa na mitambo ya kupiga chapa, bali kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono.

Walongobardi, waliokuwa wameingia Italia kutoka kaskazini, waliiharibu abasia yapata mwaka 577, wamonaki wakakimbilia Roma. Mlima ukakaa ukiwa kwa muda upitao karne moja, hata Petronax, mtu wa Brescia, alipokuja kuifufua nyumba yapata mwaka 718 kwa shauri la Papa Gregori wa Pili. Mwaka 883 ukaja msiba wa pili. Wasarasini, kama watu wa Ulaya walivyowaita Waislamu wenye silaha waliovuka bahari, walikuwa na kambi karibu na mto Garigliano. Hao waliichoma abasia, na abati Bertharius akauawa. Waliosalia wakahamia Teano, na baadaye Capua, wasirejee kukaa mlimani hata karibu na mwaka 950, wakiongozwa na abati Aligernus. Huko Teano nako moto ulizuka mwaka 896, na yasemekana kwamba ndipo kilipoteketea kitabu chenyewe cha Kanuni, kilichoandikwa kwa mkono wa Benedikto.

Hata hivyo Kanuni haikufa pamoja na kitabu kile. Miaka ipatayo mia moja kabla ya moto huo, mfalme Karolo Mkuu alikuwa ameomba nakala kutoka Monte Cassino, naye akapelekewa. Na nakala iliyotokana na hiyo imehifadhiwa hata leo katika maktaba ya St. Gallen, nchini Uswisi. Kilichowekwa nyumbani kiliungua. Kilichonakiliwa na kugawiwa wengine kikabaki.

Wamonaki waliporudi walikutana na jambo lijulikanalo na kila mtu aliyehamishwa na vita: mashamba yao yalikuwa yakidaiwa na wengine. Mwezi wa Machi mwaka 960, kesi moja ilisikilizwa mbele ya hakimu Arechisi katika mji wa Capua. Rodelgrimo, mtu wa Aquino, alidai ya kuwa nchi fulani ni urithi wake. Abati Aligernus akajibu ya kuwa abasia imeishika nchi ile miaka thelathini, muda ambao kwa sheria ya huko ulitosha kuthibitisha haki. Hakimu akataka mashahidi watatu. Kila mmoja aliishika kwa mkono mmoja hati iliyoonyesha mipaka, akaigusa kwa mkono wa pili, kisha akatamka ushuhuda wake.

Hapo ndipo penye ajabu. Hati yote ya kesi hiyo imeandikwa kwa Kilatini cha mahakama. Lakini maneno ya mashahidi yameandikwa katika lugha iliyokuwa vinywani mwa watu. Palipotakiwa neno la maana ya “najua”, Kilatini cha vitabu kingesema “scio”; wao walisema “sao”. Walishuhudia tu ya kuwa nchi zile, kwa mipaka iliyotajwa, zilishikwa miaka thelathini na upande wa Mtakatifu Benedikto. Maneno ni machache, na wote watatu waliyasema namna moja. Walakini wataalamu wa lugha huyahesabu kuwa mwanzo wa maandiko ya Kiitalia yenye tarehe ya hakika, yaliyoandikwa kwa makusudi kama lugha iliyo mbali na Kilatini.

Pengine msomaji atadhani ya kuwa mashahidi walikuwa wakulima wasiojua Kilatini. Sivyo. Walikuwa watu wa kanisa, na mmoja wao alikuwa mwandishi wa hati. Basi kwa nini wasiseme Kilatini? Sisi twaona ya kuwa sababu ni hadhara. Kiapo hakina nguvu kisipofahamika kwa waliokuwapo. Na wenye kulijua jambo la mipaka ya shamba ni majirani, wala si waandishi peke yao. Wala tusiwasifu wamonaki kupita kiasi. Hawakuiandika lugha ya watu kwa kuipenda, bali kwa kulinda milki. Na abasia ilikuwa tajiri, yenye watu wengi waliolima chini ya amri yake. Wahenga wetu wasema, mali bila daftari hupotea bila habari; na watu wa Monte Cassino walilijua hilo sana. Lakini katika kulilinda shamba waliilinda na lugha, pasipo kukusudia. Milki ile kubwa imekwisha kuwatoka mikononi zamani. Maneno ya mashahidi yangaliko.

Fahari kuu ya abasia ilikuja siku za Desiderius, aliyekuwa abati tangu mwaka 1058 hata 1087, na mwisho akafanywa Papa kwa jina la Vikta wa Tatu. Mwaka 1066 alianza kujenga kanisa jipya, likawekwa wakfu tarehe 1 Oktoba 1071 na Papa Aleksanda wa Pili. Leo wa Ostia, aliyeandika tarehe za abasia, aeleza ya kuwa nguzo na marimari zilinunuliwa Roma, zikaletwa kwa njia ya bahari na mto. Na nguzo ya kwanza watu waliipandisha mlimani mabegani mwao. Mafundi wa kupamba kuta kwa vijiwe vya rangi waliitwa kutoka Konstantinopoli, kwa sababu ufundi huo ulikuwa umepotea Italia. Desiderius hakuridhika na kuwalipa tu wakaenda zao. Aliwatia vijana wa abasia chini yao wajifunze, ili ufundi usiondoke pamoja na wageni.

Siku hizo hizo alikuwako mlimani mtu wa Afrika ya Kaskazini aitwaye Constantinus Mwafrika. Yeye alifasiri kwa Kilatini vitabu vya uganga vilivyoandikwa kwa Kiarabu, na kimoja kikubwa, kilichotokana na kazi ya mganga Ali ibn al-Abbas, alimtolea Desiderius. Miaka isiyozidi mia mbili ilikuwa imepita tangu Wasarasini walipoichoma nyumba ile. Sasa ndani yake elimu ya Waarabu ilikuwa ikinakiliwa kwa bidii, na waganga wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi.

Kanisa la Desiderius lilianguka katika tetemeko la nchi mwezi wa Septemba mwaka 1349. Likajengwa jingine. Mara ya nne ilikuwa vitani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1943 maafisa wawili wa jeshi la Ujerumani, Julius Schlegel na Maximilian Becker, walifanya mpango wa kuhamisha vitabu na hati kwa magari, zikafikishwa Roma. Tarehe 15 Februari 1944 ndege za majeshi yaliyoungana ziliipiga abasia kwa mabomu. Wanakijiji waliokuwa wamekimbilia humo walikufa, na kuta zikawa kifusi. Abati mzee Gregorio Diamare akatoka akiwa hai. Nyumba ikajengwa tena, na Papa Paulo wa Sita akaliweka wakfu kanisa lake tarehe 24 Oktoba 1964.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Jiwe halikudumu, hata mkono wa mwanzilishi haukubaki katika karatasi. Kilichodumu ni mwenendo wa siku uliofundishwa mtu kwa mtu, na maandiko yaliyonakiliwa na kuhamishwa kwa wakati. Kwa Kanuni ile ile waliishi wamonaki wa Peramiho, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898, ikachomwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na kujengwa tena. Nasi tulio walimu yatupasa kuifikiri kesi ya Capua kila tusikiapo wazee wakiamua shauri la shamba au la mahari. Tuyaandike maneno yao kama walivyoyatamka, tusiyasafishe yakawa ya kitabu. Kisha tutoe nakala ya pili, tuiweke mahali pengine.