Mboji ya nyungunyungu: istilahi na ufugaji wake katika nyumba ya Lamu

Mboji ya nyungunyungu ni mbolea laini, nyeusi, inayopatikana baada ya mabaki ya mimea kupita katika utumbo wa nyungunyungu. Kitaalamu huitwa vemikomposti, jina ambalo mwanzo wake ni neno la Kilatini vermis, yaani mnyoo. Kwa Kiswahili kitu hichohicho huweza kuitwa mbolea ya minyoo, mbolea vunde ya minyoo au mboji ya nyungunyungu. Majina hayo yanakaribiana, lakini hayafundishi jambo moja.

Neno minyoo humpeleka msikilizaji tumboni. Mtoto hupewa dawa ya minyoo, na punda vilevile. Anayeambiwa aweke minyoo karibu na jiko ana haki ya kushtuka. Nyungunyungu ni yule wa udongoni, mwenye pingili, asiyeishi ndani ya mtu wala mnyama. Ni kweli kwamba neno hilo hutaja pia vidonda vya kati ya vidole vya miguu, ila mazungumzo yenyewe huonyesha ni lipi linalokusudiwa. Tofauti ya mnyoo na nyungunyungu ina uzito Lamu, mji wa vichochoro ambako mizigo hubebwa na punda na samadi haikosekani. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilianza kuhudumia punda hapo mwaka 1987, na dawa ya minyoo ni sehemu ya tiba ya punda. Mabaki ya dawa hizo hutoka na kinyesi, na baadhi yake huweza kuwadhuru nyungunyungu. Kwa hiyo samadi ya punda aliyetoka kunywa dawa haifai kuwa chakula chao.

Vunde nalo lina kasoro yake. Kuvunda ni kuoza, mara nyingi hadi kunuka. Mboji ni ule udongo mweusi wa chini ya miti, ambako majani yameoza mpaka hayatambulikani tena, na ambao hunukia kama ardhi iliyonyeshewa. Vunde, basi, hutaja njia, na mboji hutaja mwisho wake. Hata Kiingereza hakikuwa kimetulia: Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1881 kuhusu nyungunyungu, aliutaja udongo huo kwa neno ambalo leo wasomaji wengi wa lugha hiyo hulielewa kuwa kuvu. Kiswahili kina neno lililo wazi zaidi.

Jina likishapatikana, hubaki kitenzi. Biwi la takataka hurundikwa, nalo katikati huweza kupanda hadi nyuzijoto 60 au zaidi, joto ambalo nyungunyungu hafiki hata karibu yake bila kufa. Nyungunyungu hufugwa, tena ndani ya sanduku. Ana malazi, chakula, maji na kivuli chake, na karibu kila hitilafu ya sanduku ni mfugo aliyekosa kimojawapo. Nyumba za mawe za Lamu zinaujua ufugaji wa namna hiyo: katika birika la maji waliwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Samaki hao hawakuwa kitoweo wala pambo; walikuwa na kazi. Nyungunyungu wa sandukuni ni wa kundi hilo.

Si kila nyungunyungu anafugika. Anayechimba chini sana shambani hukosa raha sandukuni. Wanaofaa ni wale wa juu juu, wakaao kwenye samadi kuukuu na majani yanayooza. Mashuhuri ni Eisenia fetida, mwekundu mwenye mistari, anayestawi zaidi kati ya nyuzijoto 15 na 25, na Eudrilus eugeniae, mwenye asili ya Afrika Magharibi, anayevumilia joto zaidi. Kwa mwambao, huyo wa pili ana nafuu. Wote huathirika vibaya joto likikaribia 35, kwa hiyo sanduku huwekwa kwenye kivuli cha kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, au chini ya ngazi, wala si juu ya dari ya chokaa inayopigwa na jua.

Sanduku la mbao au beseni lenye kina cha sentimita 30 hutosha. Hutobolewa matundu chini na ubavuni, likainuliwa juu ya miguu au matofali. Ndani huwekwa tandiko: katoni na magazeti yaliyochanwa, majani makavu na nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba hubeba chumvi, na chumvi humuua nyungunyungu. Sharti yasuuzwe mara kadhaa. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai, ya mvua ndiyo bora. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo haifanyi kazi ikikauka. Kipimo cha unyevu kimo jikoni: tandiko liwe kama machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa tui la pili, ambayo yakifinywa hutoa tone moja au mawili. Juu hufunikwa gunia bichi.

Chakula ni maganda ya ndizi na maembe, mashina ya mchicha, majani ya chai na samadi ya punda iliyokaa wiki kadhaa hadi ikapoa. Nusu kilo ya nyungunyungu waliozoea hula takriban robo kilo kwa siku. Wageni hupewa kidogo. Samaki, nyama, mafuta na chakula chenye chumvi havitiwi kabisa, na maganda ya ndimu hutiwa kwa uchache.

Harufu mbaya ndiyo hitilafu ya kwanza kujitokeza. Maana yake sanduku limeacha kutoa mboji, limeanza kuvunda: chakula kimezidi au maji yameziba hewa. Ulishaji husimamishwa, tandiko hupinduliwa taratibu na karatasi kavu huongezwa. Nzi wadogo huja kwa maganda yaliyoachwa wazi; dawa ni kuyafukia kina cha vidole vinne. Sisimizi ni dalili ya ukavu, nao huzuiliwa kwa kulinyunyizia tandiko maji na kusimamisha miguu ya sanduku ndani ya makopo yenye maji. Nyungunyungu wakipanda kuta kwa wingi wanakimbia kitu: joto, chumvi, uchachu au samadi mbichi. Kwanza huondolewa kilichotiwa mwisho.

Baada ya miezi mitatu hadi minne mboji huwa tayari. Chakula kipya huwekwa upande mmoja tu. Katika wiki mbili au tatu wengi wa nyungunyungu huhamia huko, na upande wa pili huchotwa. Majimaji yanayochuruzika chini ya sanduku wakati mwingine huitwa mbolea ya maji. Hayo ni maji yaliyopita tu katika mabaki, si mboji, na yakiwa mengi ni ishara kwamba sanduku limelowa kupita kiasi.

Mchanga wa Lamu haushiki maji wala rutuba, na hapo ndipo mboji inapofaa zaidi. Sehemu moja ya mboji kwa nne za udongo hutosha kwa chungu cha mrehani au asumini.